Siku Ulipoikataa Amplifaya ya Limbu

Mpendwa Baba,

Mwangaluka. Nakuandikia asubuhi, nimekaa hapa barazani kwetu Bariadi, kwa hiyo nakupa salamu ya asubuhi. Mama hajambo, ni magoti tu yanayomsumbua. Jana sokoni mzee mmoja alinitazama muda mrefu, kisha akaniuliza, "Wewe si binti wa yule mpiga gitaa aliyekuwa akiongea na mashine?" Nikamjibu kwamba ndimi.  Akavuta kikapu chake karibu na miguu yake. Miaka yote hii, Baba, na bado kuna mtu anavuta kikapu. Ndiyo sababu nimekaa kukuandikia.

Watu husema ulikuwa mtu wa kushuku, na sitawabishia. Siku zile za ruksa, biashara ilipofunguliwa, maduka yetu, yaliyozoea kuwa na rafu tupu, yalijaa kwa ghafla: sabuni za kunukia, betri, redio za plastiki, mashati ya mitumba. Wenzako walishangilia, wewe ukawa unavigeuzageuza. Ulikata sabuni katikati uone kama ndani ni sawa na nje. Betri uliionja kwa ulimi. Walipokuja wanunuzi binafsi wa pamba na mizani yao, ulimwomba karani apande ajipime yeye kwanza, na foleni nzima ikacheka. Mama alikuwa akikuambia, "Baba Kabula, siku hizi hata uji wangu unaukagua." Nawe ukamjibu, "Uji wako naujua. Hivi sivijui."

Ulikuwa fundi umeme kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba kule Maswa, na mwisho wa juma ulipiga gitaa la solo katika bendi ya rafiki yako Masanja. Vyombo vya bendi vilikuwa vya tangu zamani za ushirika, spika zimepasuka, gitaa linalia kama kopo. Ndipo Limbu akajitokeza. Alikuwa ameanza kununua pamba kwa jina lake mwenyewe, ana lori, ana jenereta, na kutoka Mwanza akaleta amplifaya ya gitaa, mtumba wa Ulaya. Alisema bendi itaitumia vyovyote itakavyo, mradi ipige kwenye harusi ya binti yake kule Nkololo. Masanja akaniahidi kwamba siku hiyo nami nitaimba. Sikuwa nimewahi kuimba popote nje ya kanisa. Wiki nzima niliosha vyombo nikiimba, hata Mama akachoka.

Nilifuatana nawe hadi ghalani kwa Limbu siku mliyokwenda kuitazama. Ilikuwa kubwa kama sanduku la nguo na nzito hata mkaibeba wawili. Mke wa Limbu alikuwa ameifunika kitambaa cha mezani kilichofumwa maua. Ulikiondoa kwanza, ukamweleza kwa upole kwamba mashine ile ni ya valvu: ndani ina vichupa vya kioo vinavyowaka kama vitaa, vinapata moto kweli, na ukiifunika utaunguza nyumba. Isiegemezwe ukutani, ulisema, na isibebwe ikiwa bado ya moto, maana vile vioo hupasuka. Ulikuwa unatabasamu, jambo ambalo hukuwa ukilifanya mbele ya vitu vipya. Uliipenda, Baba. Nilikuona. Kisha ukainama nyuma yake, ukanusa, na tabasamu likaisha.

"Unainusa kama nyama ya bucha?" Limbu akauliza.

"Imeungua mahali," ukasema.

Hukuichomeka. Uliomba bisibisi, ukafungua pale panapokaa fyuzi, ukatoa kipande cha msumari kilichokatwa vizuri kwa urefu uleule. Ukafungua plagi. Waya wa ethi, ule unaopeleka umeme ardhini, ulikuwa umekatwa na ncha yake kufungwa utepe mweusi. Ulivionyesha vyote viwili kwenye kiganja.

"Fyuzi ikikatika inakwambia ndani kuna kosa," ulimwambia Limbu. "Aliyekuuzia ilikuwa inamkatikia kila mara. Hakutafuta kosa. Aliweka msumari ili isikatike, akakata na ethi ili isisumbue. Kosa bado limo. Siku moja umeme utashika bodi ya chuma, uende hadi kwenye nyuzi za gitaa, na mpigaji akigusa maikrofoni utapita katikati yake."

"Imepiga Mwanza kwenye baa kubwa, mbele ya watu. Ina maana huniamini?"

"Sijakutaja wewe. Nataja waya."

"Waya ni wangu."

Masanja alisimama kati yenu akikuna shingo. "Kaka, harusi ni Jumamosi," akasema. Ulimwomba wiki moja upate waya mpya na fyuzi ya kweli. Akasema hakuna wiki. Basi ukauweka msumari ule mezani, ukachukua gitaa lako, ukasema hupigi. Tulipofika mlangoni ukageuka, ukasema na mimi siimbi.

Njia nzima nilitembea nyuma yako. Nilikushuku, Baba, na ninavyokumbuka nilikuwa na hoja zangu. Limbu alikuwa amemsifu Masanja mbele yako. Tena hukuwahi kusema kama unapenda sauti yangu au hupendi. Nikajiambia kwamba huyu anatafuta msumari wa kunifungia mlango. Mama naye, aliposikia, alikutazama tu kando ya jicho.

Jumamosi tulibaki nyumbani. Jua lilikuwa linaelekea kutua alipofika dereva wa Limbu akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Alisema waliurudisha msumari mahali pake, na Masanja akachukua solo mwenyewe. Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili, aliposogeza mdomo kwenye maikrofoni ili aitikie, alinata. Watu walidhani ni mtindo wa kucheza, wakapiga vigelegele. Kisha akaanguka na gitaa likiwa mkononi.

Hukusema kwamba uliwaonya. Uliketi kwenye kigoda, ukauliza, "Nani alizima jenereta?"

"Mimi," dereva akasema.

"Ahsante," ukamwambia. "Yuko hai?"

Alikuwa hai. Mdomo uliungua, na vidole viwili vya mkono wa kushoto havikunyooka tena. Ulikwenda kumwona hospitali asubuhi yake.

Nilidhani sasa watu watasema ulikuwa sahihi. Walisema hivyo, lakini kwa namna nyingine. Walisema, "Alijuaje?"

Swali hilo lilizunguka mji mzima. Limbu hakutaja msumari kwa mtu yeyote. Alisema uliinamia mashine, ukainong'oneza, ukainusa, na ulipoondoka ukaacha neno lako ndani yake. Kwenye mashine ya kusaga wanawake walimpisha Mama mbele ya foleni ili wasisimame karibu naye. Jirani akaacha kuchota moto kwetu. Unajua, na mimi nilijua ingawa nilikuwa mdogo, kwamba upande wetu neno kama hilo halibaki neno. Tulishasikia nyumba zilizochomwa kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Mama alikuwa tayari amefunga mzigo, twende kwa ndugu zake Malampaka.

"Tukiondoka tutakuwa tumekubali," ulisema.

Ulikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, ukaomba amplifaya iletwe kwako uitengeneze, na ikishatengenezwa uiwashe hadharani. Limbu aliitoa haraka. Nadhani alikuwa anaiogopa.

Sitasahau ulivyoifanyia kazi pale uani, mchana kweupe, mlango wa ua ukiwa wazi kwa makusudi ili kila mpita njia aone. Ulinikalisha mbali. Ulisema mashine ya valvu ina hila, kwamba hata ukiichomoa umeme hukaa ndani ukikusubiri, na huo unaosubiri unaua sawasawa na ule wa ukutani. Ulikuwa na rizista, kidude cha kupunguza umeme, uliyoifunga kwenye kijiti, ukaitumia kuunyonya umeme ule kabla ya kugusa kitu, huku mkono wako wa kushoto ukiwa nyuma ya mgongo. Nikakuuliza kwa nini. "Ili ukinishika, usivuke kifua kwenda mkono wa pili," ukasema. Uliikuta sehemu ambapo waya mkuu ulikuwa umesuguliwa na ukingo wa bati hadi ngozi yake ikaisha. Kosa lenyewe lilikuwa hilo tu. Ukaweka waya mpya, ukafunga ethi kwenye bodi, ukaweka fyuzi.

Lakini wapita njia hawakuona kosa. Waliona mtu aliyeficha mkono mgongoni akigusa sanduku kwa kijiti. Hilo nalo likaenda mjini.

Siku yenyewe watu walikusanyika saa tisa alasiri, uwanjani karibu na soko. Uligongomea nondo ardhini kando ya jenereta, ukaimwagia ndoo ya maji ili ardhi ishike, ukaiunganisha na waya wa ethi. Nikasikia mama mmoja akisema, "Ona, anamwagia chuma maji." Ulieleza kila ulichofanya kwa sauti, kwa Kisukuma ili wazee wasikie: kwamba spika huunganishwa kwanza kabla ya umeme, la sivyo mashine inajiua, kwamba swichi ya kwanza ni ya kupasha moto, na unasubiri vioo viwe vyekundu ndipo uguse ya pili. Ukaonyesha msumari, ambao mwenyekiti alikuwa ameuchukua kwa Limbu. Ukaonyesha waya uliochubuka.

Kijana mmoja nyuma akasema, "Mashine imekaa kwako. Tutajuaje kama hukuuchuna wewe huo waya?"

  Nilikutazama ukigeuzageuza waya ule mkononi, wewe uliyewauliza wengine swali kama hilo maisha yako yote, na nikaona jinsi linavyokaa kwa anayeulizwa.

Ndipo ukavaa gitaa, ukaniita. "Mayu," ulisema, yaani mama, jina ambalo uliniita tu nilipokuwa mgonjwa. "Njoo uimbe."

Nilikuja hadi kwenye maikrofoni, nikasimama. Masanja alikuwa amekaa mbele, mkono umefungwa bandeji nyeupe. Nikauangalia ule mkono. Nikakuambia kwa sauti ndogo, "Shika wewe kwanza."

Hukukasirika. Nadhani hata ulifurahi kidogo. Ulikamata nyuzi kwa mkono mmoja, na maikrofoni kwa mwingine, ukasimama hivyo, jenereta ikinguruma. Halafu ukaachia, ukanitikisia kichwa. Nikashika. Kilikuwa chuma cha baridi tu. Nikaanza wimbo, nawe ukaingia nyuma yangu, na sauti ile ya gitaa, Baba, ilikuwa nene na yenye joto. Tangu siku ile sijasikia nyingine kama hiyo.

Katikati ya wimbo Masanja aliinuka. Hakuna aliyemwita. Alikuja hadi kwako, akaweka mkono wake mzima juu ya nyuzi, ukapiga ukiwa umemwachia nafasi. Hapo ndipo watu walipoanza kusogea. Si kwa msumari wala kwa maelezo yako. Ni kwa sababu aliyeumia aligusa.

Hawakuomba radhi. Kwenye mashine ya kusaga foleni ilirudi kuwa foleni, jirani akaja kuchota moto kana kwamba alikuwa safarini, Mama akafungua mzigo. Limbu aliendelea kusema kwamba uliondoa mwenyewe ulichokuwa umeweka, na ndiyo maana sokoni jana kikapu kilivutwa. Masanja hakupiga tena gitaa, lakini alikaa nawe kila Jumapili hadi ulipotutoka, na nyinyi wawili hamkuwahi kuzungumzia siku ile mbele yangu.

Siku hizi naongoza kwaya. Vyombo vyetu ni vyepesi, havina valvu, kijana anabeba viwili kwa safari moja. Kabla ya ibada nazunguka nyuma, naangalia plagi, nauliza ethi iko wapi, na vijana wanatazamana na kucheka. Sijali. Ila nikiwa nyumbani najiuliza kama ni busara uliyoniachia au ni ugonjwa. Nimemshuku daktari wako, nimemshuku mume wangu bila sababu, nimemshuku mtu aliyeniletea zawadi. Wewe ulijua pa kuishia. Mimi sijui bado.

Kuna jambo moja nimelihifadhi. Ulipokamata nyuzi na maikrofoni pale uwanjani, watu wote walitazama mikono yako. Mimi nilikuwa karibu kuliko wote, na niliutazama uso. Ulifumba macho. Ulikuwa umeitengeneza mwenyewe, umeikagua kila waya, na bado ulifumba macho kama mtu anayengoja kupigwa. Basi hata kazi ya mikono yako hukuiamini, ukaishika hivyohivyo mbele ya mji mzima, ili mimi nishike baada yako.

Sikukuuliza ulipokuwa hai. Ungesema jua lilikuwa kali.

Lala salama, Baba. Mama anakusalimu, naye hakuambiwa haya.

Ni mimi binti yako,
Kabula