Dawa Ile Haikuwa ya Kugawana

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini ulinilea nisianze ugomvi na mkubwa kabla ya kumwamkia, na leo nimekuja kwa ugomvi.

Tulianua matanga Jumamosi. Uani kwetu Keza palijaa, na kutoka Mabawe alikuja Mzee Bukuru, ndugu yako wa kuchanjiana damu. Katekista alipomkaribisha mwenye neno la mwisho juu yako, Mzee Bukuru alinyanyuka, mkono mmoja kiunoni, akasema mbele ya wote: "Huyu mtu alikuwa anakunywa nusu ya dawa yake, nusu ananipa mimi."

Wazee wakaguna kwa kukusifu. Katekista akasema wema hauozi. Mimi nilikuwa nimebeba sinia la ndizi. Nikaliweka chini, nikaenda kusimama nyuma ya jiko.

Nusu ya dawa, Baba.

Siku ile daktari anatueleza ulikuwa unatazama dirishani, maana tezi dume si maneno ya mzee kuyasikia akiwa na binti yake. Nami nikajifanya nasoma bango la ukutani ili usione haya. Alisema saratani imeshafika kwenye mifupa ya mgongo. Alisema hana dawa ya miujiza, ila zipo mbili zinazojulikana, na siku hizi wameona heri kuzitoa pamoja tangu mwanzo kuliko kusubiri moja ishindwe: sindano ya kila baada ya miezi mitatu, na vidonge vya kila siku. Sindano inafunga mlango, vidonge vinafunga dirisha. Hakuahidi kupona. Alisema tunaweza kupata muda, na maumivu yakapungua.

Sindano ilipatikana hospitali. Vidonge havikuwepo huku, kwa hiyo kila kopo lilipokaribia kwisha nilifunga kibanda changu cha ushonaji Biharamulo nikapanda basi hadi Mwanza. Na kila asubuhi nilikupigia kabla hujala. "Umekunywa, Baba?" "Nimekunywa, mama." Uliniita mama kwa ile sauti yako ya upole, na ulikuwa unanidanganya. Leo wewe, kesho Mzee Bukuru. Ndivyo mlivyopanga, maana yeye alikuwa na ugonjwa huohuo, anachomwa sindano hiyohiyo, ila hakuwa na mtu wa kumfuatia vidonge.

Jumapili baada ya misa alikuwa anapita nyumbani. Nikiwepo nilimpikia chai, nikamsindikiza hadi njiani, kumbe vidonge viko kwenye mfuko wa koti lake. Kikulacho ki nguoni mwako. Hilo nilifundishwa tangu shule ya msingi, lakini sikuwahi kufikiri nguo yenyewe ingekuwa baba yangu mzazi.

Mgongo ulipokulemea, daktari aliniita pembeni akaniuliza kama unakunywa vidonge vyote. Nikaapa. Nilimwapia kwa jina la Mungu. Akasema basi ugonjwa umeizoea dawa, nami nikarudi kitandani kwako nikikuonea huruma.

Mama naye alijua. Nilipomuuliza alikuwa anachambua maharage, wala hakuinua uso. "Ningemkatazaje kumpa ndugu yake?" Walijua wote isipokuwa mimi niliyekuwa napanda basi.

Naelewa kiapo chenu. Mlichanjiana mkiwa vijana, mkaapa mwenye nacho asimnyime mwenzake. Ungempa ng'ombe, ungempa kipande cha shamba, nisingenuna. Lakini dawa si pombe ya rubisi ya kuvutwa kwa mirija miwili. Mliigawa, na dirisha likabaki wazi kwenu wote wawili. Ungeniambia, Baba. Ningekasirika, ningelalamika wiki nzima, unanijua, halafu ningemtafutia na yeye. Hilo linaniuma kuliko kifo chenyewe. Yeye ulimfungulia moyo, mimi ukanifanya wa kutumwa tu.

Kopo la mwisho nililifikisha ukiwa umeshakata kauli. Halijafunguliwa. Baada ya matanga nilikwenda nalo hadi mlangoni mwa choo nilitupe, nikarudi nalo, na hasira ikazidi. Mzee Bukuru hajaniomba. Hata usoni haniangalii. Lakini nimemwona anavyokaa siku hizi: anashika kiti kwanza, anavuta pumzi, ndipo anashuka polepole. Nimeshaona mwisho wa mkao huo.

Kwa hiyo sikia ninachokuahidi. Jumatatu nitampeleka kwa yuleyule daktari, nitamweleza ukweli wote, pamoja na kile kiapo changu. Daktari akikubali, Mzee Bukuru atahamia kwangu Biharamulo, na atavimeza kila siku mbele ya macho yangu. Vikiisha, nitapanda basi.

Usidhani nimekusamehe. Bado. Pengine siku moja, lakini usilikalie macho jambo hilo huko uliko. Pumzika, Baba yangu. Nilikupenda, na hasira hii yote inatoka hukohuko kwenye kupenda.

Nitamhudumia mzee wako vizuri. Ila naiogopa siku atakayoinuka kwenye kiti bila kushika kitu, maana siku hiyo ndipo nitajua ulininyima nini.

Mwanao.