Kwa Haidari, Kuhusu Vingoyo na Mama

Mbwera,
S.L.P. 12,
Kibiti, Rufiji.
20 Juni 1993

Mpendwa mdogo wangu Haidari,

Asalaam alaikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Arusha, wewe na mkeo Sabra, na kwamba baridi ya huko haiwasumbui sana watoto. Sisi huku ni wazima wa mwili. Homa ya mwanangu Muzdalifa imepoa, mpunga tumevuna wa kutosha, na paa la jikoni tumeliezeka upya. Hayo ndiyo mazuri, na nimeyamaliza.

Sasa nisikilize. Nina hasira nawe, Haidari, hasira ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu wa tumbo moja nami. Barua hii nimeianza na kuichana mara nyingi, maana kila nikiisoma naona ni matusi matupu, na mama hakutulea hivyo.

Yule rafiki yako Swalehe, uliyekuja naye Idi el Fitri, alirudi mwezi wa tano bila wewe. Akasema umemtuma kutusalimu. Mgeni wako ni mgeni wetu: tukamchinjia jogoo, tukamtandikia kitanda chako. Akampa mama doti ya kanga, na mama akainua mikono akakuombea dua wewe, kwa kuwa na marafiki wema.

Asubuhi yake akasema anatamani kuwaona vingoyo, wale ndege wa bwawani kwetu. Unajua huo ni wakati gani. Walikuwa wamekwisha kuja na mvua, wanaatamia kwenye matete, na bwawa limefungwa. Hapana mtu hapa kijijini aliyekuwa akikata tete wala kutega mgono wa samaki humo mpaka makinda yaruke, kama tulivyokuta kwa bibi. Mama peke yake ndiye hupita na mtumbwi kuangalia, kwa kuwa ndiye mtunza bwawa, nao wamemzoea. Akipita, kingoyo haruki. Hunyoosha shingo, mdomo juu, akasimama wima kati ya matete, na michirizi ya kifua chake ikamficha usimwone mpaka uonyeshwe.

Mama akamwonyesha. Mgeni wa mwanawe, angemnyimaje? Alishika upondo mwenyewe, akawa anaelekeza kwa kidole: yule pale, na mwingine yule, anaona fahari kama anayeonyesha wajukuu. Na Swalehe, nyuma ya mgongo wake, akawa anawachuma kama bamia, anawatia kwenye tenga lake la safari. Mama alipopiga kelele, alimjibu huku anacheka: "Haidari kanambia, wee ndege hawakukimbii. Nenda na mama, kanambia, utawaokota tu. Biashara siku hizi ruksa, mama."

Mama akageuza mtumbwi, lakini tenga lilikwisha kujaa. Tuliporudi sisi kutoka shamba, mgeni wako alikwisha kupanda boti. Tumesikia anawauza kwa Wazungu, na kwamba wengine walikufa kabla hata ya kufika Kibiti.

Nieleze, Haidari. Wewe si mtu wa kuja. Umekulia kwenye bwawa hili, ulifukuzwa humo na bibi kwa fimbo. Ulijua mwezi, ulijua ndege, na ulijua kwamba bila mama rafiki yako asingempata hata mmoja. Umemfanya mama yetu chambo! Sina neno jingine, na hata hili naliona dogo.

Tena ubaya haukuishia kwa ndege. Watu waliuona mtumbwi. Kesho yake wakasema, kama mtunza mwenyewe anaingiza mgeni, sisi tunangoja nini? Wakaingia na mapanga na nyavu za macho madogo. Matete yamekatwa mpaka usawa wa maji, mayai yakaelea, na kambale wamevuliwa wakiwa wadogo kama kidole changu. Mwaka huu hatuna tete za kutengenezea mitego ya wando, na mwakani sijui tutavua nini. Siwezi kuwalaumu. Miaka yote walivumilia njaa ya masika kwa kumwamini mama.

Ile kanga mama ameifungia sandukuni, hajaivaa hata siku moja. Lakini ilikwisha kuonekana. Kisimani wanasema Bi Mwantumu ameuza bwawa kwa doti ya kanga, na wakimwona anakuja wananyamaza. Siku hizi nateka maji mimi.

Wazee walimwita barazani. Walimuuliza ni nani aliyempa mgeni habari za vingoyo. Akajibu, "Nimempeleka mie." Wakamuuliza tena, akajibu vilevile. Hakukutaja, Haidari. Mjomba Mwinyimvua alimsihi aseme ukweli wote, akakataa. Ijumaa ya tarehe 16 Julai, baada ya swala, watakaa tena, na wengi wanataka bwawa apewe mtu mwingine.

Usinitumie hela, na usinitumie maneno. Panda basi uje usimame pale barazani, useme mwenyewe ulilolifanya. Mama amenikataza kukutaja na nimemtii. Nitamtii mpaka Ijumaa hiyo, swala ikiisha. Nikiangalia nisikuone, nitaingia katikati ya wanaume wote nikutaje, jina lako na la baba yako, na radhi za mama nitaziomba baadaye.

Nisalimie Sabra, hana kosa. Wabusu watoto. Mjomba anakusalimu kwa shingo upande, na Muzdalifa anauliza utakuja lini. Mama hajakutumia salamu, kwa sababu hajui kama nakuandikia. Kila akimaliza kuswali namsikia anakuombea, jina lako likiwa la kwanza, na mimi hukaa nje mpaka amalize.

Mungu akufungulie njia ufike salama, na akupe uso wa kumtazama mama.

Wako akupendaye, ingawa leo kwa taabu,
dada yako,
Mwanaamina