Maua ya Baba Mlangoni

Kaka Ussi, asalaam alaykum.

Nimempa jirani yangu Raisa, anayekuja huko, karatasi hii akuletee kwa mkono, maana kwenye simu Mama hukaa karibu akisikiliza sauti yangu.

Huku ughaibuni, Sparkhill, tupo, na baridi yetu. Bado namtunza yule mzee wa Sutton Coldfield, aliyekuwa akichimbua majengo ya kale ya Wamaya. Nikimlisha, hunionyesha picha za nyuso za miungu zilizofinyangwa kwa chokaa ukutani, zikapakwa rangi nyekundu. Zilizoachwa nje, mvua imezila. Zenye rangi mpaka leo ni zile ambazo wenyewe walizifukia taratibu, wakajenga juu yake.

Nikakumbuka maua ya chokaa aliyoyafinyanga Baba juu ya mlango wetu. Usiyapige saruji, kaka. Ikibanduka itaondoka nayo. Yapake chokaa tu, kama kila Idi.

Shemeji yako Haidari kanipa talaka tangu Rajabu.

Mama akimuulizia, sema yuko kazini Tyseley. Nifukie taratibu, kaka, mpaka niweze kuja mwenyewe.

Mdogo wako,
Kijakazi