Timu ya Kitsa Yenye Ilibaki mu Ordinatere

Butembo, tarehe 9, mwezi wa kumi na moja 2001

Kwa dada yangu mukubwa, yaya Léa, ku Kyavinyonge,

Jambo sana yaya. Uko aje? Shemeji eko aje, na batoto, na ile upepo ya ziwa yenye ilikuwa inakukoholesha? Hapa kwetu wote tuko bazima, baridi tu ndiyo inatupiga. Mama anakusalimia. Mimi niko muzima kabisa, nimeongezeka urefu, na basichana ba quartier, mutaa muzima, banajua. Najua utacheka maandishi yangu, weye mwenye ulimaliza masomo. Cheka, lakini mu nyumba hii nani mwingine anaweza kukuandikia barua ndefu bila kuomba musaada? Soma peke yako, hapana kumusomea shemeji.

Niko bado kwa Melchior, mu salle yake ya jeu, kwenye batoto banalipa kucheza michezo ya video, karibu na soko. Anajiita patron, lakini bila mimi ile salle ingekuwa depo ya maharagi.

Siku basoldat balikuja pale, weye haukuwa hapa, ulisikia tu kwa batu. Mimi nilikuwa nyuma, natia mafuta mu groupe ya umeme, na niliona. Balikamata mashine ya jeu, ile ya kweli, yenye Melchior alinunua Kampala. Kisha bakamuangalia ndugu yetu Kitsa, bakasema huyu ana mabega, abebe. Bakamuwekea mashine ku kichwa. Akashika njia ya Beni katikati yao, na nyuzi za manete, vile vishikio vya kuchezea, zilikuwa zinamuning'inia ku shingo kama nywele za mwanamuke. Mutoto moja alicheka. Mashine na Kitsa balienda siku moja, na mpaka leo hakuna hata kimoja kimerudi.

Ordinatere, ile kompyuta ya salle, ilibaki, sababu Melchior alikuwa ameificha chini ya magunia. Ndani yake kuko programu yenye kuiga mashine ya jeu. Nitakueleza polepole, kama vile banaelezaka muuza samaki: ordinatere inajifanya ni ile mashine, inasoma CD ya mupira, na jeu inadanganyika, inawaza iko kwayo. Lakini kuko fichier moja, ni kusema faili, Melchior aliichomoa ndani ya mashine yenyewe kabla basoldat baibebe. Bila ile fichier programu ni maiti. Melchior anaiita roho. Na kopi haiko sawa na ya kweli, yaya. Makelele ya stade inatoka kama mvua ku mabati. Bachezaji, ku mashine ya kweli, balikuwa na macho na midomo. Huku sura hazitokake. Banakimbia na vichwa vyeupe, laini kama yai.

Kitsa alikuwa ametengeneza timu yake mu ile ordinatere. Alibadilisha majina ya bachezaji, akaweka ya quartier yetu. Yeye numero tisa, bien sûr. Mimi aliniweka ku banc, na benye kungojea. Mimi, yaya! Mutu mwenye hata vipofu ba Butembo banajua anacheza aje. Tangu alienda, batoto bote banataka ile timu. Ukipita mu barabara unasikia banapiga makelele: Kitsa, pita! Kitsa, tia!

Baba mudogo Josaphat alisikia, akakuja mu salle na miwani yake. Unamujua, alisoma droit, ni kusema sheria, ku Kisangani mpaka vita ikamurudisha, sasa anaona kosa hata mu supu. Akatuambia sisi ni bezi. Eti jeu iko na benyewe, kule ng'ambo, na sheria inaruhusu kopi kwa mutu mwenye alinunua na angali anashika ile ya kweli. Ya kweli ikitoka mu mukono yako, kopi pia itoke. Nikamuuliza sheria ya nani: ya Kinshasa, ya mouvement ya baasi, ao ya basoldat Baganda benye bako ku barrière ya barabara? Na nikamuuliza tena, basi soldat mwenye aliiba mashine ndiye sasa eko na haki ya kukopia, na sisi benye kuibiwa ndiyo bezi? Batoto balipiga mikono. Josaphat akakohoa, akasema mutu moja kukosa haki hakumupatii mwingine haki. Akatoka. Minakubali, nilibaki na ile neno mu tumbo.

Kisha mama mwenyewe akakuja. Mama, mu salle ya jeu, na kitambaa yake ya misa! Batoto balimupisha. Alikaa ku banc, akaomba nimuonyeshe. Nikafungua mechi, nikaacha ordinatere icheze yenyewe. Akamutafuta numero tisa mpaka akamupata. Aliangalia wakati murefu, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini sura ya mutoto wake niliipeleka wapi. Yaya, nilizima ordinatere, nikamusindikiza nyumbani.

Mu njia ya kurudi aliniambia amechoka. Familia imepanga kumaliza matanga ya Kitsa Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, bila mwili, misa tu na chakula. Lakini yeye hawezi kumuaga mutu mwenye kila siku banamuita mu barabara atie goli. Akaniomba nifute kila kopi, moja isibaki, ndipo Kitsa apumuzike na yeye apumuzike. Nikaapa.

Kopi ya Butembo nilitaka kuifuta kesho yake. Lakini kulikuwa kopi ingine. Melchior aliuzisha kopi ya vyote kwa Nzanzu, mwenye salle moja ku Beni: programu, roho, jeu, na timu ya Kitsa ndani. Mikono yenye ilikopia ni hii yangu. Nikatuma neno kwa Nzanzu arudishe timu na afute yake, akanipelekea timu ku disketi kwa dereva wa lori. Kabla ya kufuta nikasema niangalie mara ya mwisho.

Timu ilikuwa imebadilika. Mimi nilikuwa nimetoka ku banc, niko mbele, kushoto. Na pembeni ya Kitsa, numero kumi, kulikuwa jina jipya: MUYISA.

Unaelewa, yaya? Muyisa wetu, mutoto wa kwanza kabisa wa mama, mwenye alikufa kabla weye uzaliwe. Mama alitutajia ile jina sisi batatu, weye, Kitsa na mimi, mara moja, mu jikoni, akatukataza kuisema inje. Josaphat mwenyewe haijui.

Nilikimbia ku phonie, ile redio ya kuongea na batu ba mbali, kumuita Nzanzu. Alianza kucheka, kisha sauti yake ikashuka. Eti kuko soldat moja kijana, anakuja tu wakati wa mvua, salle ikiwa bila batu. Hasalimie. Hatoshe kofia. Anakamata ile timu, na hatafute goli: Kitsa anapitisha kwa Muyisa, Muyisa anarudisha kwa Kitsa, mpaka mechi inaisha. Na akitoka, Nzanzu anasema, pale alikaa panakuwa pakavu. Anaogopa kumufukuza, na ile timu hajathubutu kuifuta.

Basi yaya, nikuambie yenye sijaambia mutu: mimi pia sikufuta. Mama aliuliza, nikasema imeisha, akanishika kichwa na akalala vizuri. Josaphat anasema kopi bila mwenyewe ni wizi. Mimi nasema kama mwenyewe angali muzima, kufuta ndiyo wizi. Lakini sijui kama angali.

Mimi siwezi kwenda. Vijana ba urefu wangu, basoldat banabakamata ku barrière. Weye, mwanamuke na samaki, batakamata samaki tu. Wakati utakuja ku matanga, pitia Beni. Kaa kwa Nzanzu, ngoja mvua. Ukimuona, hapana kumuita Kitsa. Sema polepole: Muyisa. Kama ni ndugu yetu, atageuka. Kama ni kitu ingine, pia atageuka. Angalia sura kabla ya kumushika mukono.

Mimi nitakungoja ku barabara, kabla ya misa, nijue nitamuambia mama nini. Nisalimie shemeji na batoto bote, na ule mudogo mwenye anafanana na mimi kwa uzuri. Wasingya, asante, yaya.

Ni mimi ndugu yako,
Lusenge