Sauti Moja ya Juwairiya

Jumanne, 1 Julai 2025

Matokeo yametoka. Juwairiya amepata arubaini na saba kwa mia. Hesabu! Na mwalimu wa hesabu wa darasa la saba ni nani? Mimi, mama yake mzazi. Walimu wenzangu wameniambia pole kwa sauti ile ya msibani. Nilitamani ardhi ipasuke nizame.

Mtihani wa kumaliza shule ya msingi ni Novemba. Na mtoto kila siku saa kumi jioni yuko nyuma ya jiko la shule na Mwalimu Isiko wa muziki, anapuliza bigwala — hizi tarumbeta za vibuyu za Wasoga. Tarumbeta tano, watoto watano, na kila tarumbeta ina sauti moja tu. Moja! Nimemuuliza, saa nzima unafanya nini huko na sauti moja? Akasema anangoja, halafu anapuliza, halafu anangoja tena. Ya Rabi.

Alhamisi, 3 Julai

Mkutano wa walimu. Nimesimama kabla woga haujanishika. Nimeomba darasa la saba lote litolewe kwenye muziki mpaka mtihani upite. Madamu Namwase, mwalimu mkuu wetu, amekubali hata sijakaa vizuri.

Isiko akanyanyuka. Akitaka kunichokoza hunisemesha Kiswahili cha kambini, kwa kuwa mimi Mnubi, kizazi cha askari. "Afande Hajara! Hii muziki naharibu kichwa ya mutoto ama natengeneza? Mutoto najua kungoja. Najua kusikia mwenzake. Najua kuhesabu. Hiyo si masomo?"

Nikajibu, basi wakahesabie darasani. Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Halafu akauliza taratibu: kwenye kundi langu, wa darasa la saba wako wangapi? Mmoja. Kicheko kikakatika. Wote walikuwa wanajua ni nani.  Na ujumbe wa uamuzi huo umeshatumwa kwenye simu za wazazi.

Jumatatu, 7 Julai

Juwairiya hakulia nilipomwambia. Angelia ningejua la kufanya. Alipeleka tarumbeta yake kwa Isiko na Isiko akakataa kuipokea — kibuyu ulikipanda mwenyewe, akamwambia, kaa nacho. Sasa iko chini ya kitanda, imefungwa kwenye leso yangu ya zamani.

Saa kumi nimemkalisha darasani na hesabu za sehemu. Huko nyuma ya jiko wakaanza. Isiko amemjaribu Magidu wa darasa la tano lakini anaingia mapema kila mara, kwa hiyo wanapuliza wanne na nafasi ya Juwairiya wanaiacha wazi. Mimi sina sikio la muziki. Hata kaswida huwa nafuata midomo ya wenzangu. Lakini tundu lile nimelisikia! Wimbo unatembea vizuri, halafu unakanyaga hewa. Na kila tundu likifika, kifua cha mtoto kinajaa pumzi. Nikamwambia andika. Akaandika.

Ijumaa, 11 Julai

Nimempigia Sebit. Mume wangu huyu yuko Mbale, kwenye mashine ya kusaga mahindi kule Malukhu, nyumbani huja mara moja kwa mwezi. Nikamweleza yote. Nyuma yake mashine inaunguruma. Kisha akauliza: unaogopa mtoto afeli, au unaogopa wewe kuchekwa? Nikakata simu. Baadaye nikamwambia ni mtandao.

Jumatano, 16 Julai

Mtihani wa majaribio: arubaini na nne. Ameshuka alama tatu, na muziki hana! Alama tatu si ushahidi wa lolote, hilo najua, ndiyo kazi yangu. Kinachonitisha ni kingine. Zamani tukirudi nyumbani mdomo wake ulikuwa haufungi, habari za bigwala tu: Mama, yule Nasif wa kando yangu amecheka badala ya kupuliza. Leo tulipotea wote, mama, halafu tukajikuta. Nilikuwa namwambia apunguze maneno. Sasa ni ndiyo mama, hapana mama. Barabara yote ya Bugembe inapiga kelele, na yeye anatembea hatua tatu mbele yangu.

Nimepekua begi lake. Nakiri. Nyuma ya daftari amechora mistari mitano, vyumba vidogo vidogo, nukta ndani. Ni wimbo. Juu ameandika: ya Nasif, asipotee. Nasif anaingia kila pigo la tatu, yeye kila pigo la nne, na penye la kumi na mbili amezungushia duara — hapa tunakutana.

Nikakaa kitandani. Swali la kengele mbili, zitalia pamoja lini? Wiki tatu nimelifundisha, nimegonga meza kwa rula, na kwenye mtihani ameliacha tupu. Hapa amelifanya bila kuulizwa na mtu.

Au mimi naona hesabu kila mahali. Lakini kama analijua, kwa nini mbele yangu halijui? Jibu ninalo na silitaki. Mtoto ananiogopa.

Ijumaa, 18 Julai

Nimekwenda kwa Madamu Namwase kumwomba Juwairiya arudishwe kwenye muziki. Amesikiliza mpaka mwisho. Wazazi wameshaambiwa, amesema, akirudi mtoto wa mwalimu peke yake watasemaje? Ana haki. Sheria ni yangu, niliitengeneza kwa mdomo wangu.

Isiko leo hakunitania. "Madamu, mashindano ya Mbale tutaenda na watoto ine. Majaji watasikia tu." Hiyo "Madamu" imeniuma kuliko "Afande" zote. Nimeomba Juwairiya asafiri kama mtazamaji, amwone baba yake. Namwase amekubali.

Alhamisi, 24 Julai

Mbale, ukumbini. Naandika hapa hapa kitini.

Sebit amekuja na unga kwenye nyusi. Tumekaa mstari mmoja: Juwairiya kando ya ukuta, mimi, halafu baba yake. Begi la mtoto limevimba, ncha ya leso yangu inachungulia kwenye zipu. Niliiona tangu asubuhi tukiwa Jinja. Sikusema kitu. Kwa nini sikusema?

Shule yetu imeitwa. Wanne wamepanda. Wameacha pengo kando ya Nasif, upana wa mtu mmoja. Namwase yuko mstari wa mbele yetu, ameshika programu.

Wameanza. Ukumbi mzima unalisikia tundu lile! Jaji mmoja ameinua kichwa. Isiko anaangalia viatu vyake.

Hapa pembeni yangu — pumzi. Tena. Tena. Leso imeanguka chini, tarumbeta iko mapajani. Haangalii jukwaa, hamwangalii baba yake. Ananiangalia mimi. Ni magoti yangu yaliyomfungia njia.

Sebit ameshayakunja yake. Namwase amegeuka, ametuona. Nitasema nini mkutanoni? Wazazi nitawaambia nini?

"Mama."

Wiki tatu sijaitwa hivyo, bila ndiyo, bila hapana. Nafasi yake inakuja tena, hata mimi naisikia inakuja. Moja, mbili, tatu — nakunja magoti.