Mzee Jivan, Nyaramba Sabuni Imeisha

Mzee Jivan,

Ni mimi Mokaya. Usishangae kuona mwandiko wangu, hata mimi nashangaa. Hii barua ni siku ya tatu naandika, maana gumbaru, ile shule ya watu wazima, wamenifundisha herufi lakini hawajanifundisha haraka. Darasani mimi ndiye mzee kushinda wote na ndiye hodari kushinda wote. Mwalimu mwenyewe nafikiri ananiogopa kidogo.

Naandika kwa sababu sijui nisimame wapi. Sisi mtu tunamzika nyumbani, hapo karibu na migomba, na ukiwa na neno unaenda kando ya kaburi unasema. Wewe watu wako walikupeleka Kisumu wakakuchoma, na Kishor mwanao akarudi Kisii na gari tupu. Nilizunguka duka lako mara mbili natafuta mahali pa kukuaga. Watu wakadhani nataka kuiba.

Ulikufa vibaya, mzee. Sisemi ugonjwa, nasema wakati. Tulisikizana mwaka mmoja. Mwaka mmoja nibebe katoni zako, nisikie unavyoongea na watu, nijifunze kutangaza sabuni sokoni, halafu unipe masoko yote ya upande wa Nyamira niende peke yangu. Wewe ukafa miezi kumi tu imepita. Sasa nani angesema Mokaya amefundishwa? Hatukuandika mahali. Na hata tungeandika, wakati ule nisingeweza kusoma.

Unakumbuka tulivyoanza? Nilikuwa nimekuletea mbao za rafu. Miaka kumi na tisa nilikuwa napasua mbao, mimi chini ndani ya shimo, ndugu yangu juu, msumeno katikati, na vumbi lote la mti linaingia kifuani kwangu. Nilikuwa nakohoa kama trekta. Lakini siku hiyo wamama wawili walisimama dukani wanashindwa kuchagua sabuni, nikawaambia hii ya miche ilimwosha ng'ombe wangu mweusi mpaka majirani wakasema nimenunua mwingine. Wakanunua. Wewe ukacheka mpaka miwani ikaanguka kwenye gunia la sukari. Ukaniuliza, "Wewe, uongo yote hii unatoa wapi?" Nikakwambia bado sijaanza.

Ndugu zangu walinicheka sana. Mtu wa watoto watano anaenda kufundishwa kuuza. Na wewe ukanifanyia ubaya ambao hakuna mtu amewahi kunifanyia: miezi miwili ukanikataza kuongea. Mimi! Nikae tu nyuma ya meza, nitazame, na jioni nikuambie nani alikuja, alishika nini, aliacha nini, kwa nini. "Mokaya, kwanza tazama mtu. Mdomo baadaye." Nilikuchukia, mzee. Siku zingine nilikuwa naenda nyuma ya stoo naongea na ukuta.

Basi ulipokufa, Kishor aliniita. Ni kijana mzuri, ana adabu, lakini anapenda karatasi. Akasema anataka mtu wa darasa la nane wa kuzunguka masoko. Akaniuliza cheti changu kiko wapi. Nikamwonyesha mikono. Hakucheka. Nilijua hapo narudi shimoni, na kifua changu hakingemaliza miaka mitatu.

Ni Mama Kishor, bibi yako, alitoka ndani na ile sari nyeupe ya msiba, akaongea naye kwa lugha yenu. Sikuelewa ila jina lako. Kishor akapumua, akasema nipewe siku moja. Nyaramba, siku ya soko, katoni kumi. Zikibaki, nirudi kwa mbao zangu.

Nilichagua onyesho kubwa. Beseni, maji, na kaptula yangu nyeupe ya ndani, nimeipaka udongo mwekundu mpaka inatisha. Watu wakajaa. Nikaosha nikiwaambia uongo mzuri mzuri, nikasuuza, nikaiinua juu kwa mikono miwili kama bendera ya Uhuru.

Mbele kabisa, mzee, amesimama mama mkwe wangu.

Wewe hukuwahi kuelewa vizuri mambo yetu ya chinsoni, ile heshima na haya kati ya mtu na mkwe. Mama mkwe hata mkono simpi. Nikimwona njiani naingia kwenye shamba la chai la watu mpaka apite. Na sasa nimemnyooshea nguo yangu ya ndani mbele ya Nyaramba nzima. Bibi yangu ametoka huko, nilijua, ni kitu nilikuwa nakijua kama jina langu. Lakini nilifungua mdomo kabla ya kutazama.

Alijifunika leso usoni akageuka. Mimi nikaingia chini ya meza na beseni yangu. Kishor alikuwa kwenye gari, anaangalia. Nikasema moyoni, kwaheri sabuni.

Halafu nikasikia mzee mmoja anacheka. Halafu wote. Halafu miguu ya mama mmoja muuza wimbi ikaja mpaka mezani. Akainama akaniambia, "Baba Kemunto, nimetumwa. Mama yako anasema amekaa nyuma ya kibanda, hakuoni na humwoni. Anasema inuka umalize kazi, watoto wa binti yake wanakula. Na umtolee vipande viwili, hiyo kitu ilikuwa nyeupe kweli."

Nilitoka. Nilitazama watu kwanza, mmoja mmoja, mpaka mstari wa nyuma. Nikauliza kama kuna mtu mwingine hapo amenizalia bibi, apite nyuma ya kibanda na yeye. Walianguka kwa kicheko, na wakaanza kunyoosha mikono. Katoni kumi ziliisha jua likiwa bado juu. Wangetaka kumi zingine wangepata wapi.

Kishor hajui Kikisii hata neno. Njiani akaniuliza hiyo ya kuingia chini ya meza ni mtindo gani. Nikamwambia ni ya baba yake. Tulipofika darajani akasema, "Nyamira ni yako." Akageuza uso upande wa dirisha. Na mimi nikageuza wa kwangu.

Mbuzi nilipeleka kwa wakwe, jambo kama hilo haliishi kwa kicheko. Kifua kimepoa. Mama Kishor anakula vizuri, Jumapili napitisha ndizi.

Kitu kimoja tu kinanisumbua, na ndicho kimenifanya nishike kalamu. Watu wananisifu, wananiuliza hii kazi nilijifunza wapi, na mimi nimekuwa nawaambia nilizaliwa nayo. Unanijua. Basi nakuahidi, kuanzia soko la Keroka wiki hii, mtu akiniuliza nitasema nilifundishwa na Jivan wa Kisii, miezi kumi, na miwili ya kwanza nilikuwa kimya. Hiyo ya kimya hakuna atakayeamini, lakini nitasema.

Lala vizuri, mwalimu wangu.

Mimi,
Mokaya