Dawa ya Chini ya Kiti

Ilemela, Jumamosi, mwisho wa Mei

Na harufu ya ukungu bado haijatoka kwenye viti vya gari! Baba Neema aliniachia teksi ufukweni, yeye akaenda kikao cha kanisa. Nimesugua matope ya masika yote peke yangu, hata asante sijaisikia.

Aliporudi aliuliza jambo moja tu.

"Mama Neema, chini ya kiti cha dereva hukukuta kitambaa cheusi kilichofungwa kijiti ndani? Ni dawa aliyonipa baba, ya kuzuia ajali."

Mzee wa kanisa huyo!

Nilikikuta. Nilidhani ni uchafu wa abiria, nikakitupa ziwani. Lakini kesho alfajiri anapeleka watu Musoma, ningemwambiaje?

"Nimekiweka pembeni," nikasema. "Nitakirudisha."

Nikaenda nyuma ya nyumba, nikavunja kijiti cha mpera, nikakifunga kwa kipande cha mwavuli mweusi mbovu, nikakisukuma chini ya kiti.

Jioni alipitisha mkono pale, akakipapasa, akaanza kupiga mluzi.

Sasa anakoroma. Mimi nisiyeamini dawa ndimi ambaye usingizi umenikataa.